Ardhi Inayolala Alasiri

Watoto wa mtaa walimwita Bwana Nyata, na jina likamkaa. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na miwili, mabega mapana, mikono ya kubebea magunia, lakini alitembea kama mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mlango hakuusukuma, aliusindikiza taratibu mpaka ukafika. Ndoo aliishusha kwa mikono miwili. Mkewe aliwaambia majirani kwamba yeye ameolewa na paka, ila paka wa watu angalau hukamata panya.

Hakuzaliwa hivyo, ilikuwa ni kazi. Bwana Nyata alikuwa mtunza kituo cha kupimia matetemeko ya ardhi. Kituo chenyewe kilikuwa kijumba cha mawe kisicho na dirisha, hatua thelathini kutoka mlango wa jikoni kwake. Ndani kulikuwa na nguzo nene ya saruji iliyozama mpaka kwenye mwamba, bila kugusana na sakafu, na juu ya nguzo kiliketi chombo. Siri ya chombo hicho ni ukaidi: ndani yake unaning'inia uzito ambao, ardhi ikisogea, wenyewe unabaki pale pale. Mwachano huo mdogo kati ya ardhi na uzito hupita kwenye waya, hukuzwa, kisha hufika kwenye kalamu nyembamba inayochora mstari juu ya karatasi iliyozungushiwa pipa. Pipa linazunguka polepole usiku na mchana. Ardhi ikitulia, mstari unanyooka. Mbuzi akipita, mstari unapata kigugumizi. Bwana Nyata akipiga chafya, chafya nayo inaandikwa. Hata wewe ungejifunza kunyata.

Kila asubuhi saa mbili kamili alibadilisha karatasi. Alisikiliza mlio wa saa kwenye redio, akailinganisha na saa ya chombo, akaandika nyuma ya karatasi imekwenda mbele au imebaki nyuma kwa sekunde ngapi. Akaandika na mambo mengine: mvua, upepo mkali, ng'ombe wa jirani. Alhamisi gari la ofisi kuu lilikuja kuchukua karatasi saba. Huko, mwendo wa siku nzima, alikuwepo mama mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuzisoma. Bwana Nyata hakuwahi kumwona. Alimjua kwa penseli yake tu, maana maswali yake yalirudi yameandikwa kwa penseli nyekundu, maneno machache, herufi zilizosimama wima. Nyumbani walimwita Penseli Nyekundu, na watoto wake walipokuwa wadogo walidhani ni bibi yao mwingine.

Ni Penseli Nyekundu aliyemfundisha, kwa barua, namna tetemeko linavyotafutwa lilikotoka. Tetemeko, alimwandikia, hutuma wajumbe wawili. Wa kwanza ana mbio, wa pili ni mzito lakini ana nguvu. Kadiri tetemeko lilivyo mbali, ndivyo wa pili anavyochelewa. Hesabu sekunde kati yao, zidisha kwa nane, umepata kilomita. Lakini umbali peke yake haukwambii ni upande gani. Kwa hiyo yeye alichukua bikari akachora duara kuzunguka kituo cha Bwana Nyata, akachora la pili kuzunguka kituo kingine, na la tatu. Pale maduara matatu yalipokutana aliweka nukta. Kila mwisho wa mwaka alimtumia ramani yenye nukta zote, naye Bwana Nyata aliitundika sebuleni, mahali ambapo wenzake hutundika picha ya harusi. Wageni walioneshwa: hii ni ya siku ile sufuria ilipoanguka, hii ni ya siku ya mtihani wa binti. Alikuwa na fahari ya kazi yake, na fahari ile ilikuwa ya haki.

Halafu akaja shemeji.

Shemeji, mdogo wa mkewe, aliwasili na mashine ya kusaga nafaka juu ya mkokoteni. Alikuwa amefukuzwa pale alipokuwa anasagia mjini, na umeme wa kuiendesha mashine ile haukuwepo kokote karibu ila kwenye nguzo ya umeme ya kituo. Kwenye mlango wa kijumba kulikuwa na bati lenye sheria, rangi nyeupe juu ya bluu: mashine yoyote isiwekwe ndani ya hatua mia mbili. Shemeji alitaka hatua themanini, nyuma ya ghala.

"Shemeji, hapa pana sheria," Bwana Nyata alisema.

"Kwani ardhi itajua mimi nasaga?"

"Itajua. Ndiyo kazi yake hapa, kujua."

"Basi iambie ni mimi shemeji yako. Itanizoea."

Mkewe hakutia neno. Alikuwa anaosha vyombo, na siku hiyo aliviosha kwa kishindo. Mwanamke aliyekaa miaka ishirini na tano bila kugonga sahani, leo anagonga sufuria kwa sufuria. Ile ilikuwa hotuba nzima. Bwana Nyata akasikiliza mpaka mwisho wa masufuria, kisha akakubali. Walipatana mashine isage saa nane mchana mpaka saa kumi na moja, basi, asubuhi wala jioni isiguswe.

Siku ya kwanza, saa kumi na moja, alifungua kijumba akakuta karatasi imeungua. Haikuungua kwa moto, lakini kalamu ilikuwa imepanda na kushuka saa tatu bila kupumua, na palipokuwa na mistari palibaki mkanda mweusi mnene. Karatasi ile Alhamisi ingekwenda kwa Penseli Nyekundu.

Pembeni ya pipa kulikuwa na swichi ya kuzungusha, yenye namba moja mpaka kumi. Ndiyo inayoamua mtikisiko ukuzwe kiasi gani. Ilitakiwa ikae kwenye kumi daima, na kama kuna sababu ya kuigusa, sababu iandikwe nyuma ya karatasi. Kesho yake saa nane kasoro dakika moja Bwana Nyata aliingia kwa kunyata, akaishusha swichi mpaka kwenye moja. Mashine ikaanza kunguruma nyuma ya ghala. Kalamu ikachora mstari safi, mwembamba. Saa kumi na moja akairudisha kwenye kumi. Nyuma ya karatasi aliandika: upepo kidogo, hakuna mvua.

Alijiambia ni kwa wiki hiyo tu, mpaka apate maneno ya kumwandikia. Maneno alikuwa anayatafuta kweli, tena alikuwa amepata mawili matatu. Lakini wiki ya pili ikarudi karatasi yenye maandishi mekundu: "Alasiri zako ni safi kuliko za vituo vyote. Hongera sana." Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu alikuwa ameshatia maji kabla ya kusifiwa, na sasa angeanzaje kusema? Aliisoma hongera ile akiwa amesimama, masikio yanamwaka. Barua nyingine zote za yule mama alizibandika ukutani. Hii aliikunja akaitia chini ya sanduku la nguo.

Ikapita miaka minne.

Usidhani kwamba aliteseka kila siku. Mtu huzoea. Saa nane kasoro dakika mkono ulikwenda wenyewe, saa kumi na moja mkono ulirudi, na kati ya hizo alipata hata kulala usingizi mfupi. Shemeji alioa, akapata mtoto, akanenepa. Ila kila ramani mpya ilipofika Bwana Nyata aliitundika haraka haraka bila kuangalia nukta, na wageni walipouliza aliwaachia watoto waeleze.

Mwaka wa nne akaja mtaalamu kutoka ofisi kuu, amevaa viatu vya bei, ameshika karatasi kubwa iliyokunjwa. Aliikunjua juu ya meza ya chakula. Ilichorwa saa ishirini na nne, na juu ya kila saa idadi ya matetemeko madogo ya bonde lile. Asubuhi yamejaa, usiku yamejaa. Saa nane mchana mpaka kumi na moja, karibu patupu. Kati ya matetemeko mia sita arobaini na moja, tisa tu ndiyo yaliyotokea alasiri, na hayo tisa yalikuwa makubwa kiasi cha kuandikwa hata na vituo vya mbali. Yale madogo hayana kituo kingine cha kuyasikia ila hiki.

"Unaona, mzee?" mtaalamu alisema. "Ardhi ya hapa inalala alasiri. Nadhani ni joto la jua na maji ya chini. Wewe uliyekaa hapa miaka yote unaonaje?"

Bwana Nyata alikuwa ameshika birika. Alimimina chai mpaka kikombe kikafurika, kikajaza kisosi.

"Huenda," alisema.

Neno moja tu, huenda. Na baya zaidi, mtaalamu alipoondoka, Bwana Nyata alianza kuliamini. Nani ajuaye? Labda kweli ardhi inalala. Labda swichi haikuficha kitu kwa sababu hapakuwa na kitu. Aliligeuza wazo hilo kichwani kwa miezi mitatu na likawa tamu.

Mwendo wa nusu saa kutoka kituoni kulikuwa na machimbo ya mawe. Wanaume thelathini hivi walipasua mawe chini ya genge refu, ukuta wa mwamba uliosimama wima, na genge lile lilikuwa na tabia ya kudondosha mawe kila ardhi ilipotikisika kidogo. Nyapara wao, mtu mrefu mwenye vumbi kwenye kope, alikuwa amechoka kuwapeleka watu wake hospitali. Aliomba ushauri ofisi kuu. Jibu likaja Jumatatu, likabandikwa kwenye kibanda cha vifaa: kumbukumbu za kituo zinaonesha kwamba ardhi hutulia alasiri; kazi ya chini ya genge ifanyike saa nane mpaka saa kumi na moja tu, asubuhi watu wafanye kazi uwanjani.

Jumanne nyapara alifika kwa Bwana Nyata, yeye na watu wawili, wamebeba jiwe. Jiwe lilikuwa limechongwa vizuri, pana, uso wake laini.

"Ni la mlangoni kwako," nyapara alisema. "La kukanyagia. Watu wangu wamelichonga wenyewe. Tumesikia ni karatasi zako."

"Ni kazi tu," Bwana Nyata alisema.

"Kazi ni kazi, lakini sisi ndio tunaolala vizuri. Mke wangu leo kaniambia, mara ya kwanza ananiaga bila kunitazama kama maiti."

Wakacheka. Wakachimba, wakalilaza jiwe mbele ya mlango, wakalishindilia udongo, wakanywa maji, wakaenda. Bwana Nyata alibaki amesimama ndani, upande wa pili wa jiwe. Watu wakiaibika husema natamani ardhi ipasuke inimeze. Yeye hata hilo hakuthubutu kulitamani.

Jumatano, Mungu akamnyima hata ile huenda yake. Saa nane na robo mkanda wa mashine ya kusaga ulikatika, na shemeji akaondoka kwa baiskeli kwenda kutafuta mwingine. Ukawa ukimya. Bwana Nyata aliingia kijumbani, akaipandisha swichi mpaka kumi, akakaa kwenye kigoda, akatazama kalamu. Dakika kumi, mstari ulinyooka. Moyo ukaanza kutulia. Kisha kalamu ikaruka: mjumbe wa kwanza, sekunde moja na nusu, mjumbe wa pili, ikafifia polepole. Baada ya muda ikaruka tena. Mpaka saa kumi na moja alihesabu kumi na moja, madogo madogo, ya karibu, yote sawasawa na ya asubuhi. Ardhi haikuwa inalala. Ni yeye aliyekuwa anaifunika mdomo.

Jioni hiyo alimwambia mkewe yote. Mkewe alisikiliza bila kukatiza, akashika shavu.

"Na mimi nilikugongea vyombo," alisema mwishowe.

"Swichi niliishika mimi."

"Ndiyo. Basi andika."

Aliandika. Ukurasa mmoja ulimchukua mpaka taa ikaishiwa mafuta, lakini aliandika bila kupamba: mashine, hatua themanini, swichi, miaka minne, matetemeko kumi na moja ya leo. Alhamisi gari lilipokuja aliiweka bahasha juu ya karatasi zake, akamtazama dereva akifunga begi. Gari likaondoka. Alijihisi mwepesi, akala chakula cha mchana sahani mbili.

"Na wale wa machimbo?" mkewe akauliza.

"Ofisi itawaambia."

"Machimbo ni nusu saa. Ofisi ni siku nzima."

"Tangazo ni la ofisi, mama watoto. Mimi nikienda nikabandua tangazo la ofisi nitakuwa nani?"

Mkewe alimtazama. Hilo ndilo jibu alilolitoa, nalo lilikuwa na sura ya jibu. Ukweli ni kwamba Penseli Nyekundu alikuwa mbali na hakuwa na uso. Nyapara alikuwa na uso. Mara tatu kati ya Alhamisi na Jumamosi Bwana Nyata alivaa viatu. Ya kwanza alifika mlangoni. Ya pili alivuka jiwe akafika barabarani, akakutana na mmoja wa wapasua mawe aliyemsalimia kwa mikono miwili, akarudi. Ya tatu alijiambia kesho ni Jumamosi, watafanya nusu siku, asubuhi tu. Hawakufanya nusu siku. Kwa kuwa alasiri ilikuwa salama, walikuwa wameihamishia huko kazi yote.

Na mashine? Shemeji alikuwa amepata mkanda tangu Alhamisi. Alisaga Alhamisi, akasaga Ijumaa, akasaga Jumamosi. Na kila saa nane kasoro dakika moja, barua ya kukiri ikiwa njiani, Bwana Nyata aliingia kijumbani akaishusha swichi kwenye moja. Kwa nini? Mimi nadhani aibu ya zamani ilikuwa imemzoea kuliko ukweli wa juzi.

Jumamosi saa tisa na dakika ishirini sakafu ilimsukuma magoti. Vikombe vililia kabatini, taa ikayumba, mbwa wote wa mtaa wakabweka. Alikimbilia kijumbani. Kalamu ilikuwa imemaliza. Kwenye karatasi palikuwa na kitu kidogo, kama urefu wa ukucha, na kando yake mstari umeshanyooka tena. Alikuwa bado anakitazama aliposikia kishindo cha pili, kizito, kikitokea upande wa machimbo.

Watu watano walikuwa chini ya genge. Wanne walitoka salama. Nyapara alitoka wa mwisho kwa kuwa alisubiri kuwahesabu, na jiwe lilimkuta mguu wa kushoto. Hospitali waliukata chini ya goti.

Gari lilipitia vituo vingine likafika Ijumaa jioni, na ofisi kuu hufungwa Jumamosi na Jumapili. Begi la karatasi lilifunguliwa Jumatatu asubuhi, redio ikiwa imeshatangaza. Jumanne gari likaja siku isiyo yake, akashuka mwanamke mfupi wa makamo, koti la kijivu, penseli nyekundu imechomekwa kwenye nywele. Bwana Nyata alimtambua kwa penseli. Miaka kumi na saba alikuwa amejiwazia siku atakapomwona, na katika mawazo hayo yote hakuwahi kujiona ameinamisha kichwa.

"Barua yako niliifungua jana," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Alasiri za miaka minne. Nimeanza kuzifuta kwenye daftari. Nitamaliza mwezi ujao." Aligusa penseli kwenye nywele. "Nilikupa hongera."

"Ulinipa."

Bwana Nyata angefurahi kama angetukanwa. Penseli Nyekundu alitoa fomu kwenye mkoba, akampa azibebe. Tetemeko kubwa likitokea, alieleza, chombo hakitoshi. Inabidi watu waulizwe walihisi nini: walikuwa wapi, wameketi au wamesimama, vilivyoning'inia viliyumba, vyombo vilianguka, ukuta ulipasuka. Kila jibu hupewa namba, na kwenye ramani hupitishwa mstari kuzunguka mahali penye namba inayofanana. Ramani hiyo huchorwa kwa vinywa vya watu.

"Mtaani watu wanakujua wewe, hawanijui mimi," alisema. "Utanipitisha. Mwisho tutakwenda hospitali. Mimi nitauliza yaliyo kwenye fomu. Ya kwako sitayasema mimi."

Wakapita nyumba kwa nyumba. Kila mlango ulimpokea Bwana Nyata kwa pole. Fundi cherehani aliwaonesha ufa akasema, "Sasa bila huyu mzee tungejuaje?" Mwalimu mstaafu alimletea kiti yeye kwanza, mgeni baadaye. Penseli Nyekundu aliandika nyufa na vikombe, uso mkavu. Bwana Nyata alishika fomu kifuani kwa mikono miwili, na kila shukrani aliyopewa aliipokea kwa kutazama miguu yake.

Nyapara alikuwa amelala karibu na dirisha, shuka limelala tambarare pale palipotakiwa kuwa na mguu. Mkewe aliketi kwenye kigoda. Nyapara alipomwona Bwana Nyata alijaribu kuinuka.

"Mzee mwenzangu," alisema. "Umekuja."

Penseli Nyekundu aliuliza maswali yake polepole. Ulikuwa wapi. Chini ya genge. Umeketi au umesimama. Nimesimama, nahesabu watu. Ulisikia nini kwanza. Alifika swali la mwisho, mahali palipoandikwa maelezo mengine, mistari mitano mitupu.

"Hapo andika," nyapara alisema, "kwamba sisi tulifuata tangazo la ofisi. Lakini pia andika kwamba mtunza kituo wetu hana kosa. Chombo si Mungu. Siku moja ardhi imeamka mchana, basi, nani angejua? Watu wataanza kumnyooshea kidole, nawajua. Andika nimesema mimi."

Penseli haikugusa karatasi. Mama yule hakumtazama hata Bwana Nyata. Alitazama mistari mitano.

Bwana Nyata aliziweka fomu dirishani. "Mimi ningejua," alisema.

Na akaendelea. Alisema mashine ya shemeji, na swichi, na saa nane kasoro dakika moja. Alisema matetemeko kumi na moja ya Jumatano. Alisema barua ya Alhamisi, na viatu alivyovaa mara tatu. Hapo akawa anakimbiza maneno.

"Rudia hapo mwisho," Penseli Nyekundu alisema, akiandika. "Umeongea haraka."

Alirudia. Mara ya pili ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza. Mke wa nyapara alikuwa amegeuza uso ukutani, mabega yanamtikisika.

Nyapara alimgeukia Bwana Nyata.

"Jumanne tulipokuletea jiwe," alisema, "ulikuwa unajua?"

"Yale kumi na moja nilikuwa sijayahesabu. Swichi nilikuwa naijua."

"Na ukalipokea."

"Nililipokea."

"Tukalishindilia wenyewe. Ukatupa maji."

"Ndiyo."

"Bado lipo?"

"Lipo. Leo nikifika nitaling'oa, nikurudishie, au nilitupe, utakavyosema wewe."

"Hapana," nyapara alisema. "Usiling'oe. Liache hapo hapo mlangoni." Akafumba macho. "Wewe una miguu miwili. Uwe unalikanyaga."

Walirudi kwa gari. Penseli Nyekundu alimshusha barabarani, akamwambia mtunza mwingine atafika mwisho wa mwezi, na mpaka hapo swichi ibaki kumi. Shemeji alikuwa bado anasaga nyuma ya ghala, saa kumi na moja imeshapita, hajui lolote. Bwana Nyata alikwenda akaizima mashine yeye mwenyewe, shemeji akabaki ameduwaa na kibaba mkononi.

Kisha alikwenda nyumbani. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na ungeweza kumfikisha ndani kwa urahisi. Alizunguka mpaka mbele, akasimama, akainua mguu wa kulia akaukanyagisha juu ya jiwe, kisha wa kushoto, kwa uzito wake wote. Ndani ya kijumba kalamu ilichora hatua mbili. Kesho yake saa mbili asubuhi, nyuma ya karatasi, mahali pa maelezo, aliandika: saa kumi na mbili jioni, ni mimi.